Saa ya Kamera ya Mwalimu Wangechi

Kamera ilizimika tena. Ililia mlio mmoja mdogo, ikarudisha jicho lake ndani kama kobe aliyeguswa, na kioo chake cha nyuma kikawa cheusi. Inspekta Kefa Amukoya aliiweka mezani polepole sana. Kwa hasira aliyokuwa nayo mkononi, angeiachia tu, ushahidi wa kesi ya mauaji ungefagiliwa sakafuni.

"Hizo ni betri za ngapi, Kathambi?"

"Seti ya tatu, Afande," Konstebo Kathambi alijibu. "Tangu asubuhi."

"Na tangu asubuhi tumeona picha ngapi?"

"Moja, Afande. Ile ile."

Kule kwao Kakamega, redio ya mama yake Kefa ilikula betri nne msimu mzima, kupanda mpaka kuvuna, na taarifa ya habari haikukosekana hata siku moja. Hiki kidude cha rangi ya fedha kilizimaliza nne kabla mtu hajapuliza chai yake ikapoa. Na bado watu wa mjini walikiita mtambo wa kisasa, ati kamera isiyotaka filamu. Kefa alikiita majina mengine, na Kathambi, binti wa watu wa kanisa kutoka Meru, alijifanya hasikii.

Basi hiyo picha moja ndiyo iliyokuwa kesi yote. Jumamosi ya tarehe tatu Julai, stoo ya chama cha kahawa karibu na Wamagana ilishika moto saa nane mchana. Mlinzi, Mutahi, alikuwa amejilaza ndani juu ya magunia, na moshi ukammaliza kabla watu hawajafika na ndoo. Kufuli la mlango lilikutwa limefunguliwa, halikuvunjwa wala kukwaruzwa. Funguo zake zilikuwa mbili tu. Mmoja ulikaa kwa mtunza stoo, Ngatia, na wa pili kwa katibu wa chama, Theuri. Ngatia alisema saa nane alikuwa nyumbani kwake akila githeri peke yake, na mtu anayekula peke yake atamwita nani shahidi? Theuri yeye alileta kamera.

Alikuja kituoni mwenyewe kesho yake, Jumapili, na suti yake ya kanisani. Akabonyeza kitufe, na picha ikatokea kwenye kioo: yeye Theuri, amesimama langoni kwa wakwe zake Giakanja, kando ya baba mkwe, siku ya ruracio ya shemeji yake, wageni walipopeleka mahari. Chini ya picha kulikuwa na tarehe, na saa: 02:10.

"Saa nane na dakika kumi," Theuri alisema. "Hiyo sifuri isikusumbue, Afande. Ingekuwa 14:10, ila aliyeiweka alichanganya mchana na usiku. Hata saa za mkononi watu huzikosea hivyo."

Na Kefa, mtu mzima, miaka kumi na tisa katika kazi, akatikisa kichwa na kuandika. Ruracio ni ya mchana, picha ni ya mchana, sasa swali liko wapi? Jioni hiyo hiyo akamfungia Ngatia selo. Leo ilikuwa Alhamisi, siku ya kumi na mbili, na kesho asubuhi Ngatia angesimama mahakamani kwa shtaka la kuua, ambalo mwisho wake ni kamba.

Lakini asubuhi faili ilirudi kutoka kwa kiongozi wa mashtaka, na karatasi imebanwa juu yake. "Saa inasema usiku, picha inasema mchana. Wakili wa kwanza atatucheka. Niambie leo kabla ya saa kumi na moja jioni kama saa ya kamera hii inaaminika. Kama haiaminiki, tuna watu wawili wenye funguo na hatuna kitu."

Kivuli kingesaidia, ila Julai ya Nyeri haina vivuli. Ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua, ukakaa juu ya migomba kuanzia asubuhi hadi jioni, na mwanga wa saa mbili haupishani sana na ule wa saa tisa. Wageni wa ruracio walikuwa karibu mia mbili. Kathambi aliwahoji arobaini. Wote walimwona Theuri, wakaapa, na hakuna hata mmoja aliyejua alimwona saa ngapi.

"Kamera imepita kwa mikono mitatu," Kathambi alisema, akifungua daftari lake. "Wa kwanza ni Maxwel wa ofisi ya mifugo. Akabadilishana na Nduku wa studio. Nduku akabadilishana na bibi ya Theuri, Mwalimu Wangechi."

"Basi tukawaulize kitu kimoja tu. Saa yake inaaminika ama haiaminiki. Neno moja, tunarudi."

Lo, neno moja. Hakujua bado kwamba mtu aliyewahi kumiliki kamera kama ile hana neno moja juu yake.

Maxwel walimkuta uani nyuma ya ofisi ya mifugo, akiosha gambuti zake kwa maji ya bomba. Alipoona kile kidude mkononi mwa Kathambi, alifunga bomba.

"Imewafikia? Poleni sana."

"Ndugu Maxwel, nina swali moja. Saa ya hii kamera..."

"Ngoja kwanza nikwambie, Afande. Picha yake ni safi, sitaisingizia. Unaweza kuhesabu kupe kwa sikio la ng'ombe. Daktari Mdachi tuliyefanya naye kazi aliniachia akirudi kwao, nikadhani nimebarikiwa. Lakini ukibonyeza, inafikiria. Unangoja. Mimi napiga ng'ombe, sipigi mlima. Ikimaliza kufikiria, ng'ombe ameenda zake. Niko na picha sitini za mikia."

"Saa, Maxwel."

"Na hivyo vitufe. Ni kumi na tatu. Kuna kimoja nimekibonyeza mwaka mzima na mpaka leo sijui kazi yake."

Kefa alivuta pumzi, akaiachia, akauliza kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa. "Ilipokuwa kwako, saa yake ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa kabisa. Niliiweka kwa ile milio ya redio, kabla ya habari. Shida ni moja, ukiiacha bila betri siku mbili, inasahau. Inarudi sifuri sifuri, sifuri sifuri, inakonyeza tu ikingoja uiambie upya."

Kathambi aliacha kuandika, akainua macho. Kefa naye alisogea hatua moja.

"Ulipompa Nduku, ilikuwa na betri ndani?"

"Kwani mimi ni mjinga? Betri zilikuwa zangu. Nilizitoa."

Studio ya Nduku ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu, na ukutani palichorwa maporomoko ya maji ambayo nusu ya mji ule ilikuwa imepigwa picha mbele yake. Nduku alikuwa Mkamba wa Machakos, miaka kumi na minne Nyeri, na ustahimilivu wake ulikuwa umekwisha zamani.

"Hiyo usiniwekee mezani," alisema. "Nilishaachana nayo."

"Madam, sikuja kuirudisha. Nataka kujua tu, saa yake..."

"Hiyo si kamera, Inspekta. Kamera iko na filamu. Mtu anakuja hapa na bibi na watoto, wamepakwa mafuta wanang'aa. Napiga. Ananiuliza, picha iko wapi? Nimwambie iko ndani? Ndani ya nini? Mzee mmoja wa Tetu alikaa kwa hicho kiti mpaka jioni akingoja itoke. Ikabidi nimpige upya na kamera ya kazi, bure."

"Pole. Sasa, saa..."

"Wanasema ati ni ya hali ya juu. Juu gani? Ukiwa kwa mwanga mdogo inakupatia sura kama uji. Ningekuwa na nafasi ya kumwambia aliyeitengeneza, ningemwambia aje akae hapa Jumapili moja, siku ya ubatizo."

"Madam Nduku," Kefa alisema, na safari hii hakuificha hasira. "Kuna mtu selo. Kesho anashtakiwa kuua. Mimi sinunui kamera. Nauliza saa."

Nduku alivuta kiti. Akakaa, akapangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

"Sikujua iko na saa," alisema kwa upole zaidi. "Kulikuwa na sifuri zinakonyeza pale chini. Niliziacha zikonyeze. Saa yangu iko ukutani. Mwezi wa tano Mwalimu wa Wamagana akaiona, akaipenda, akanipa mbuzi wawili. Nilifurahi. Mbuzi hawali betri."

Ndani ya Landrova, Kathambi alikuwa wa kwanza kusema kile ambacho wote wawili walikuwa wanakifikiria. "Kwa hivyo kwa Maxwel ilikuwa sawa, ikasahau. Kwa Nduku haikuwekwa. Aliyeweka saa ya siku ile ni Mwalimu Wangechi."

"Na picha alipiga nani?"

"Kamera ni yake, Afande. Nadhani ni yeye."

"Na Mwalimu Wangechi alihojiwa na nani?"

Kathambi alitazama nje, ambako mvua nyepesi ilikuwa imeanza kuwanyeshea watu waliokuwa wakitoka sokoni.

"Nimekuuliza, Konstebo."

"Hakuhojiwa, Afande. Uliandika kwamba hakuna haja, mume ameshaeleza."

Kefa aliamuru warudi kituoni. Alikuwa amezunguka tangu asubuhi akiwakasirikia watu kwa kutojibu swali, kumbe mwenye jibu hakuulizwa na mwenye kosa ni yeye. Hilo lilimuudhi kuliko kamera.

Mwalimu Wangechi hakuhitaji kuitwa. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, sweta ya kijani, mwavuli uliolowa miguuni, na mkononi paketi mpya ya betri nne.

"Inspekta, nimekuja kuomba kamera yangu," alisema, akisimama. "Kesho ni siku ya wazazi shuleni. Bwana yangu alisema mnaiangalia siku mbili tu, na sasa wiki ya pili inaisha. Na nimesikia kwa stage ya matatu ati mnazunguka mkiwauliza watu kama ni mbaya."

"Karibu ndani, Mwalimu."

Alipoipokea, aliigeuza mikononi, akapangusa kioo na pindo la sweta. Ungedhani amerudishiwa mtoto kutoka hospitali. "Mmeiweka betri za aina gani? Hizi za bei rahisi haziwezi. Maxwel hakuielewa kwa sababu ana haraka, Nduku hakuielewa kwa sababu anataka makaratasi. Hii inataka mtu mtulivu." Akaingiza betri zake, na kile kidude, ambacho kilikuwa kimemtesa Kefa siku nzima, kikaamka bila kusumbua. "Mnataka kuona picha za ruracio? Niko nazo zote."

Ya kwanza ilikuwa ile ya langoni. Kefa alimwashiria aipite. Ya pili ilikuwa wageni wakiingia na mbuzi wao, wanawake wakiimba: 05:20. Ya tatu ilikuwa watu wakila nje, chini ya turubai, sahani magotini: 08:05.

Kefa aliinama karibu. "Saa mbili na dakika tano usiku watu wanakula nje, na kuna mwanga namna hii?"

"Usiku? Hiyo ni mchana, Inspekta. Si unaona?"

"Naona. Ndiyo shida." Aliegemea kiti, akajikanda macho. Kama Theuri alisema kweli, kwamba saa ilichanganya mchana na usiku, basi picha hii ya nane na tano ingekuwa giza. Haikuwa giza. "Kathambi, andika. Saa ya kamera ni ya wazimu. Haiaminiki. Mpelekee kiongozi wa mashtaka, aamue mwenyewe."

"Saa yangu si ya wazimu," Mwalimu Wangechi alisema. Alikuwa amechukizwa waziwazi. "Niliiweka kwa mkono wangu na haijawahi kunidanganya. Sasa imesahau kwa sababu mmeiacha na njaa. Tazama."

Alibonyeza kitufe kimoja, kingine, na zile sifuri zikaanza kukonyeza. Akainua macho kwa saa ya ukutani, iliyokuwa juu ya kichwa cha Kefa. Mshale mfupi ulikuwa umepita tatu, mrefu uko kwenye nne. Dole gumba lake likapandisha tarakimu, moja, mbili, tatu, na halikusimama hapo. Likaendelea mpaka tisa. Kisha ishirini. Akawageuzia kioo, kimeandika 09:20.

"Saa tisa na dakika ishirini," alisema. "Kuna kosa gani?"

Kathambi aligeuka akatazama ukuta, akarudi kwenye kioo.

"Mwalimu," Kefa alisema polepole, "ukutani ni tatu na ishirini."

"Ukutani ni ya Kizungu. Miaka kumi na moja nafundisha darasa la pili kusoma saa kwa Kiswahili. Tazama mshale, halafu soma namba ya ng'ambo. Saa inasema nane, wewe sema mbili. Watoto wanachanganyikiwa mpaka wanalia, na mimi nawaambia ndivyo ilivyo, mishale haibadiliki. Sasa nikapata kitu inakubali kuambiwa. Kamera ni yangu. Nikisema saa tisa, nataka nione tisa."

Kefa akazisoma upya kichwani zile saa za picha. Tano na ishirini, wageni wanaingia karibu na adhuhuri. Nane na tano, watu wanakula mchana. Kila kitu kilikaa mahali pake. Alijua tayari kile kilichobaki, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutaka kuuliza.

"Mwalimu, sheria haiwezi kukulazimisha kusema neno dhidi ya mume wako. Nataka ujue hivyo kwanza. Unaelewa?"

"Neno gani?"

"Rudi kwa ile picha ya kwanza. Unisomee saa."

Akarudi. Alitabasamu kidogo alipoona sura ya baba yake. "Saa mbili na dakika kumi. Asubuhi, hata chai hatukuwa tumekunywa. Baba alikataa kuvua kofia..."

Akaishia hapo.

Katibu wa chama husoma saa ya ofisi, ya Kizungu. Theuri aliona 02:10, akasoma saa nane kama anavyosoma barua za chama, akadhani bahati imemwangukia. Hakumuuliza mke wake, kwa sababu angemuuliza, angelazimika kumwambia kwa nini anauliza.

"Yeye aliwaambia ni saa ngapi?" Mwalimu Wangechi aliuliza.

"Saa nane na dakika kumi."

Alisonga mbele picha moja, akasonga tena, mpaka kwenye ile ya watu wakila. Baba yake alikuwepo, na mama yake, na dada yake na wazee wa upande ule mwingine. Kiti cha pembeni kilikuwa na koti la suti lililotundikwa mgongoni, bila mtu.

"Aliniambia anakimbia kuongeza kreti za soda," alisema.

"Alirudi saa ngapi?"

"Saa tisa na kitu. Bila soda."

Alirudi nyuma hadi picha ya langoni. Hapo ndipo Kefa alipoona dole gumba la Mwalimu limetulia juu ya kitufe chenye alama ndogo ya pipa la taka, na kioo kikiuliza kama ana hakika. Mungu wangu, alikuwa amemkabidhi mke wa mshukiwa ushahidi wote, na betri mpya juu. Vitufe kumi na tatu, naye hakujua hata kimoja cha kuzuia. Angemnyang'anya, huenda akabonyeza kile kile. Kathambi alikuwa amesimama wima mlangoni.

"Mutahi ndiye alikuwa akitupimia mbuni za kahawa tukiwa wasichana," Mwalimu Wangechi alisema, macho yake bado kwenye kioo. "Ukipungukiwa kidogo, anaongeza mkono wake mmoja kutoka kwa debe la chama, halafu anatazama kando."

Aliondoa kidole. Akaisukuma kamera mezani mpaka ikagonga faili ya Kefa.

"Nipe karatasi niandike," alisema.

"Nimekwambia, Mwalimu. Hulazimishwi kusema juu ya mume wako."

"Sijasema juu ya mtu. Nimesoma saa."

Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko wa ubaoni, herufi za duara, kila saa kwa maneno, na kila mara akaongeza asubuhi ama mchana ili asije mtu mwingine akaisoma vibaya. Kefa alimsomea yote kwa sauti. Akasahihisha neno moja, akatia sahihi. Ilikuwa saa kumi kasoro. Kathambi alichukua funguo za selo ya Ngatia kutoka kwenye msumari, akamtazama Kefa, na Kefa akaitikia kwa kichwa. Kisha akampigia dereva simu ya ndani, alete Landrova mbele, waende kumchukua katibu.

Mwalimu Wangechi alikunja mwavuli wake, akaufunga vizuri, akauning'iniza mkononi. Mlangoni aligeuka. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani.

"Inspekta, nataka kujua kitu moja tu, kabla sijapita sokoni. Leo nipike ya watu wangapi?"

Kefa alifunga faili.

"Ya kwako tu, Mwalimu," alisema.